Kuunga na Kuungaunga: Maneno na Hukumu katika Uundaji wa Vyombo kwa Vipuri vya Modeli

Miongoni mwa fani ambazo istilahi zake hazijapata kutazamwa kwa makini ni ile ya kuunda vyombo vya hadithi za kisayansi kwa vipuri vilivyonyofolewa katika seti za modeli. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na jambo linaloonekana kuwa mchezo wa watoto. Jibu ni kwamba filamu zilizotokana na kazi hiyo zimetazamwa ulimwenguni kote kwa zaidi ya nusu karne, vitabu vya kuifundisha vimeandikwa, na mfasiri anayekabidhiwa kimojawapo hukwama tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa lugha ya wenye kazi hiyo imejaa maneno ya utani. Makala haya yanakusudia kuihukumu kazi yenyewe kama sanaa na papo hapo kuyapima maneno tunayoweza kuizungumzia. Mambo hayo mawili hayatenganiki, maana tutaona kwamba chombo cha namna hii hufaulu au hushindwa kwa kadiri ambavyo vipuri vyake vimepoteza majina yao ya zamani.

Kwanza tueleze kazi ilivyo. Seti ya modeli ni sanduku lenye vipande vya plastiki ambavyo, vikiunganishwa kwa kufuata karatasi ya maelekezo, huwa mfano mdogo wa kitu cha kweli: ndege, manowari, kifaru cha vita au gari. Plastiki hiyo, aghalabu ya aina iitwayo polistireni, huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa hutoka ikiwa fremu yenye vipande vilivyoshikwa kwa vikonyo vidogo, mithili ya matunda yaliyo bado mtini. Neno "kikonyo" hatulibuni sisi; liko katika Kiswahili tangu zamani, na yeyote aliyepata kuchuma embe analielewa. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa seti yake ya kwanza ya ndege, Spitfire, mwaka 1953, kwa skeli ya 1:72. Huko Shizuoka, Japani, kampuni ya Tamiya ilitoa kifaru cha Kijerumani cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, na skeli yake ya 1:35 haikutokana na hesabu yoyote ya kitaalamu bali na nafasi iliyohitajika ili mota na betri viingie tumboni mwa kifaru. Leo skeli hiyo ya bahati ndiyo inayofuatwa na watengenezaji wengi wa modeli za vifaru. Wale wanaodhani kwamba kila usanifishaji huanzia katika kamati wauzingatie mfano huu.

Mwundaji wa kawaida hufuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua. Mwundaji tunayemzungumzia huiweka karatasi kando. Hununua seti tano au kumi za vitu visivyohusiana, au huchukua mabaki aliyoyahifadhi katika kopo kwa miaka, akanyofoa tumbo la kifaru hapa, injini ya ndege pale, mtutu wa mzinga wa manowari na tangi la mafuta la lori la mbio, akaviunga viwe gari ambalo halijapata kuwapo duniani. Vipuri ni vya zamani ila chombo ni kipya kabisa.

Kazi hiyo tuiiteje? Wasemao Kiingereza wameipa jina linalounganisha neno la seti na kitenzi cha kuponda. Tafsiri sisisi ingetupa "kuponda seti", na msomaji wa Kiswahili angedhani anaonywa juu ya watoto watundu. Wala hakuna kinachopondwa. Pendekezo la pili ambalo lingeweza kumjia mfasiri mwenye haraka ni "uundaji wa vipuri". Hili ni la hatari zaidi kwa kuwa linasikika kama Kiswahili fasaha, nalo lina maana nyingine kamili, yaani kazi ya kiwanda kinachotengeneza vipuri.

Hatari ya neno lisilopimwa si ya mezani tu. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa ambayo forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo huifuata, modeli ndogo za kujiburudisha ziko chini ya kifungu cha 95.03, pamoja na wanasesere na baiskeli za watoto za magurudumu matatu. Vifaru vya vita na sehemu zake viko chini ya kifungu cha 87.10. Mtumishi wa serikali anayefasiri hati ya mzigo na kuandika "vipuri vya kifaru, vipande 200" amekwisha kumhamisha mpokeaji kutoka kifungu kimoja hadi kingine, na hapana shaka maelezo yatakayofuata yatakuwa marefu. Hati hiyo haina budi kusema "vipande vya modeli ya kifaru". Neno "modeli" ndilo linalobeba amani yote ya sentensi.

Vilevile seti inayotoa vipuri huitwa na wenyewe kwa jina la mtoaji wa sadaka au wa damu. Tukisema "seti mfadhili" au "seti mhisani" msomaji wetu ataanza kutafuta mkataba wa mkopo na jina la shirika. Kiswahili cha gereji kina kitenzi kilicho tayari, nacho ni kunyofoa. Gari lililonyofolewa vipuri linajulikana na kila mtu. Basi seti hiyo na iitwe "seti ya kunyofolewa", na maana itakuwa wazi hata kwa asiyepata kuiona.

Ama kuhusu kazi yenyewe, tunapendekeza "kuunga", na jina lake "uungaji wa vipuri". Tuna sababu. Kuunda, katika Kiswahili cha pwani, kilikuwa kitenzi cha mafundi wa majahazi kabla ya kuwa cha wizara na tume. Nacho kingefaa, lakini hakisemi kwamba vitu vilivyotumika vilikuwa na maisha mengine hapo kabla. Kuunga hukisema. Mganga huunga mfupa uliovunjika hata mgonjwa asijue tena ulipovunjikia. Mpishi huunga mchuzi kwa nazi, na mlaji hawezi kuonyesha kwa kidole ilipo nazi na ulipo mchuzi. Zaidi ya hayo, gundi ya kazi hii haibandiki kama gundi ya karatasi. Huyeyusha nyuso mbili za polistireni zikaingiana, na ikikauka vipande viwili vimekuwa kimoja. Ni kuunga kwa maana kamili ya neno.

Kiswahili kimetupa zawadi nyingine ambayo Kiingereza hakina. Tukilirudufu neno, likawa "kuungaunga", tumekwisha kutoa hukumu. Kitu kilichoungwaungwa ni kitu cha kubabaisha, cha kusogeza siku, ambacho viungo vyake vinaonekana na kila kipande bado kinapiga kelele kutaja kilikotoka. Basi mhakiki wa fani hii hahitaji istilahi nyingi. Kuunga na kuungaunga zinatosha kuanzia, na mifano inayofuata tutaipima kwa maneno hayo mawili.

Tuanze na Uingereza. Katika mfululizo wa televisheni wa Thunderbirds wa miaka ya 1965 na 1966, ulioundwa na Gerry na Sylvia Anderson na kutengenezwa mjini Slough, Derek Meddings ndiye aliyesimamia vyombo na milipuko. Yeye na wenzake walitumia vipande vya seti za plastiki kwa wingi ili vyombo vyao vionekane kuwa na uzito na kazi. Katika ukuta wa karakana anakorushwa Thunderbird 1 walibandika kikamulio cha ndimu cha plastiki. Watazamaji wa wakati huo waliona mtambo. Mtazamaji aliyekwisha kuambiwa haoni tena mtambo. Anaona kikamulio, na kila akirudia picha anakiona tena, wala hana njia ya kusahau. Jambo hili ni dogo lakini ndani yake mna kanuni yote ya fani. Jina la zamani likirudi, kazi mpya hufa. Kwa hiyo wanaoungama kipuri kimoja baada ya kingine mbele ya wageni wao, wakidhani wanaonyesha ufundi, wanajibomolea.

Filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, iliichukua kazi hii hadi kiwango ambacho bado kinaheshimiwa. Modeli kubwa ya chombo Discovery ilikuwa na urefu wa karibu meta 16. Ina tufe mbele, injini nyuma, na katikati mkuku mrefu uliopangwa visanduku, na juu yake vipande vingi vya seti za modeli. Vyote vilipakwa rangi nyeupe. Uungaji wake ni safi kiasi kwamba jicho halipati mshono. Hata hivyo, kwa maoni yetu, usafi huo una gharama. Vipuri vimetandazwa kwa kadiri moja mwili mzima, na jicho huteleza juu yake bila kupata mahali pa kukaa. Chombo kinaaminika ila hakikumbukwi kwa sehemu zake. Kinakumbukwa kwa umbo lake tu, kama mfupa. Yawezekana ndivyo Kubrick alivyotaka, kwa kuwa upweke ndio habari ya safari ile. Modeli nyingi za filamu hiyo ziliharibiwa baadaye. Moja iliyosalimika, ya chombo cha kutua mwezini kiitwacho Aries, iliuzwa kwa mnada mwaka 2015 na kununuliwa na taasisi ya Marekani itoayo tuzo za Oscar.

Douglas Trumbull, aliyefanya kazi chini ya Kubrick, aliongoza filamu yake mwenyewe, Silent Running, mwaka 1972. Chombo chake, Valley Forge, kilifunikwa kwa vipande vya mamia ya seti za vifaru. Jina lile lilikuwa la manowari halisi ya Marekani ya kubebea ndege, iliyokuwa imestaafishwa na kungojea kuvunjwa, nayo ndiyo iliyotumika kupigia picha za ndani ya chombo. Kwa hiyo, nje palikuwa na vifaru vidogo vilivyojifanya meli ya anga, na ndani palikuwa na meli kubwa ya bahari iliyojifanya hivyo hivyo. Manowari nzima ilikuwa seti ya kunyofolewa.

Katika kazi hiyo alikuwamo kijana John Dykstra, ambaye ndiye aliyeajiriwa na George Lucas mwaka 1975 kusimamia karakana mpya ya Industrial Light & Magic huko Van Nuys, California. Grant McCune aliongoza waunda modeli. Hapakuwa na muda wa kuchonga kila kitu. Kipande cha seti kina mistari, mashimo na ribiti zilizochongwa katika kalibu ya chuma kwa usahihi ambao fundi mwenye kisu na msasa angehitaji siku kadhaa kuufikia. Kukinyofoa na kukigundisha ni kazi ya dakika. Umaskini wa muda ndio uliozaa mtindo. Filamu yenyewe, Star Wars, ilitolewa Mei 1977, na mwaka uliofuata Dykstra na McCune, pamoja na John Stears, Richard Edlund na Robert Blalack, walipewa tuzo ya Oscar.

Tusimame kidogo mbele ya chombo kinachofungua filamu hiyo, ile manowari ya anga yenye umbo la kabari inayopita juu ya kichwa cha mtazamaji na kuendelea kupita. Katika hadithi urefu wake hutajwa kuwa meta 1,600. Modeli iliyopigwa picha ilikuwa na urefu wa sentimeta 91 hivi. Walimu wa jiografia wanaofundisha skeli za ramani watafurahi kuifanya hesabu hii darasani: sentimeta moja ya modeli ni zaidi ya meta 17 za chombo. Chukua sasa kipande cha dirisha la hewa la injini ya kifaru, chenye upana wa sentimeta moja katika skeli ya 1:35. Ndani ya sanduku lake kilikuwa kitu cha sentimeta 35, ambacho askari angeweza kukifunika kwa mikono miwili. Kikigundishwa ubavuni mwa manowari ile kimekuwa jengo la meta 17. Hakikuongezewa chochote wala kukatwa. Kilichobadilika ni jirani zake, na kwa kubadilika jirani zake kimepata kazi nyingine na ukubwa mwingine. Wanaisimu wanaosema kwamba maana ya neno hukaa katika muktadha hawajapata kuonyeshwa mfano unaoshikika kuliko huu.

Sifa ya manowari ile, hata hivyo, haiko katika wingi wa vipuri bali katika kuvinyima nafasi. Mabamba ya juu na ya chini ni karibu matupu. Vipuri vimesongamana katika mfereji unaopita ubavuni, kati ya bamba la juu na la chini, na katika ngazi za majengo ya nyuma. Jicho hupumzika kwenye utupu, kisha hukutana na msongamano na kushtuka. Hapo ndipo Discovery iliposhindwa, na hapo ndipo waungaji wengi wa leo wanaposhindwa pia. Anayejaza kila sentimeta hana anachokisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa kila kitu anakisema kwa sauti moja.

Chombo kingine cha filamu hiyo, Millennium Falcon, kina hekima ya namna yake. Ni sahani ya duara yenye meno mawili mbele na chumba cha rubani kilichosogezwa upande wa kulia. Mwilini mna matundu ya mviringo ambamo mitambo inaonekana, kana kwamba vifuniko vimetolewa na fundi ambaye hakurudi. Yaani waundaji hawakuweka vipuri nje tu wakatuacha tuulize kwa nini viko nje. Walitupa sababu: gari ni bovu, linatengenezwa kila siku, na mwenyewe hana fedha. Msafiri yeyote aliyepata kungoja kando ya barabara huku boneti iko wazi anaelewa mara moja.

Hapa tunaingia katika istilahi ngumu kuliko zote. Vile vidude vidogo vinavyofunika ubavu wa chombo vina majina kadhaa ya Kiingereza, yote ya kubuni, yote ya kuchekesha, na hakuna hata moja lenye asili ya maana. Mtu angeweza kudhani kwamba Kiswahili kina neno "nakshi", na kwamba neno hilo limetosha. Halikutosha. Nakshi ya mlango wa Unguja haijifanyi kuwa kitu kingine. Inasema waziwazi kwamba ni pambo, na uzuri wake uko katika ukweli huo. Vidude tunavyovizungumzia ni pambo linalojifanya kazi. Bomba lile linajifanya linapitisha kitu, kisanduku kile kinajifanya kimefunika mtambo. Mtazamaji akiona kwamba ni pambo, udanganyifu umekwisha. Kuviita nakshi ni kufichua siri ambayo vyenyewe vimewekwa kuificha.

Tunapendekeza "vikorokoro". Neno hili laeleza vitu vidogo vidogo vya namna nyingi vilivyokusanyika, ambavyo mwenyewe tu ndiye ajuaye vya nini. Asiye mwenyewe huviona na kuamini kwamba lazima viwe na kazi, kwa kuwa fundi asingevibeba bure. Imani hiyo ndiyo hasa inayotafutwa. Faida nyingine ni kwamba neno lina dharau kidogo ndani yake, na dharau hiyo humsaidia mwanafunzi akumbuke kwamba vikorokoro havitoshi kufanya chombo.

Maana kosa la kawaida la anayeanza ni kuanza na vikorokoro. Anayejua huanza na umbo: tumbo kuu la gari, kimo chake, panapoingiliwa, panapokaa dereva, uzito unakoelemea. Hulikata katika karatasi ya plastiki au hulipata kwa kugeuza tumbo la ndege juu chini. Kisha hujiuliza gari linapata wapi nguvu na moshi unatokea wapi. Bomba lazima lianze mahali na liishie mahali. Likianza hewani, mtazamaji asiyejua lolote la ufundi huhisi uongo bila kujua ameuhisi wapi. Kisha huja ishara za ukubwa, yaani mlango, ngazi, kishikio, kwani bila kitu ambacho mwili wa mtu unakijua haitajulikana kama gari hilo ni la kubeba mmoja au mia. Magurudumu ya kifaru na mbawa za ndege ni vya kuogopwa kuliko vyote, maana havikubali kusahaulika. Huviliwi mpaka vikatwe, vigeuzwe au vizikwe nusu. Mapengo hujazwa puti na kupigwa msasa.

Mwisho chombo chote hupakwa rangi moja, mara nyingi ya kijivu. Hii ndiyo saa ya kweli. Mpaka hapo gari lilikuwa na kijani cha kifaru, weupe wa roketi na rangi ya fedha ya gari la mbio, na kila rangi ilikuwa hati ya kuzaliwa. Rangi ya kijivu hufuta hati zote kwa pamoja. Ikiwa baada ya hapo jicho bado linaona mbawa, kazi iliungwaungwa na hakuna rangi itakayoiokoa. Hatua ya kuchakaza, yaani kutia vumbi, kutu na mikwaruzo, hufuata baadaye, na wengi huitumia kufunika makosa ambayo yangepaswa kukatwa kwa msumeno. Lucas alitaka ulimwengu wake uonekane umetumika, lakini kuchakaa kwa Falcon kuna mpango: palipo na joto pameungua, palipo na mkono pamechubuka.

Waundaji wa filamu ile walikuwa huru na majina kuliko wengi wanaowaiga. Falcon ya kwanza haikuwa sahani. Ilikuwa chombo kirefu chenye injini nyingi nyuma, nacho kilikwisha kuundwa. Ikaonekana kwamba kinafanana mno na chombo Eagle cha mfululizo wa Uingereza wa Space: 1999, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1975. Wakaitunga Falcon upya kabisa, na chombo cha zamani kikavuliwa chumba cha rubani, kikavishwa kichwa kingine, kikawa ile meli ya waasi inayofukuzwa mwanzoni mwa filamu. Miaka mitano baadaye, katika Blade Runner ya mwaka 1982, modeli ya Falcon ilisimamishwa wima katikati ya mji mdogo wa modeli ikawa ghorofa. Watazamaji wengi hawakutambua.

Tangu miaka ya 1990 kompyuta imechukua sehemu kubwa ya kazi hii, na zipo programu zinazotawanya vikorokoro juu ya chombo zenyewe, kwa bahati nasibu. Matokeo yake huonekana upesi: bahati nasibu haijui mlango uko wapi. Walipohitaji chombo Razor Crest kwa ajili ya The Mandalorian, mfululizo wa mwaka 2019, Industrial Light & Magic, wenye kompyuta za kila namna, waliunda pia modeli ya kushikika.

Yafaa hapa tukumbuke kwamba lugha yetu nayo imeungwa kwa njia hii hii. Mzinga wa nyuki ulinyofolewa ukawa wa kupigia ngome. Ndege alinyofolewa mtini akawekwa uwanjani. Mnyama mwenye pembe alitoa jina lake kwa chombo cha chuma kitambaacho kwa minyororo, na leo mtoto anayesikia kwamba kifaru kimepita barabarani hatafuti pembe. Manowari ina asili ya Kiingereza, meza ya Kireno, shule ya Kijerumani. Rangi ya kijivu imepita juu ya yote. Istilahi zinazodumu ni zile ambazo mshono wake hauonekani. Zile tunazozikataa bila kujua kwa nini, aghalabu ni zile ambazo magurudumu yake bado yanatambulika.

Jambo la kustaajabisha zaidi limetokea Japani. Msanii Kow Yokoyama, akiwa amevutiwa na kazi ya Van Nuys, alianza mwaka 1982 kuchapisha katika jarida la Hobby Japan mfululizo ulioitwa SF3D, wenye mavazi ya vita na vyombo vya karne ya 29 alivyoviunga kwa vipuri vya vifaru, ndege na magari. Uliendelea hadi mwaka 1985, na baadaye ukafufuliwa kwa jina la Maschinen Krieger. Vyombo vyake ni vya mviringo, vizito, vyenye sura ya kitu kilichofuliwa na mhunzi mwenye njaa, na kwa uungaji havina mpinzani. Kampuni ya Nitto ilivitengenezea kalibu ikaviuza kama seti. Kilichozaliwa kwa kutupa karatasi ya maelekezo kikapewa karatasi yake ya maelekezo, na kipande kilichowahi kuwa sehemu ya kifaru kikapata namba mpya na jina jipya katika fremu mpya, kikishikwa kwa kikonyo. Seti za Bandai za Falcon nazo huiga kwa uaminifu mkubwa vipande vile vile vya vifaru vilivyogundishwa California, na anayeziunganisha leo ana haki ya kuviita vipande vya Falcon.

Mfasiri wa vitabu vya Yokoyama atakutana na tatizo la mwisho. Vyombo vyake vingi si magari, kwa kuwa havina magurudumu, na si nguo, kwa kuwa mtu huingia ndani yake na kufunga kifuniko. "Gari la kuvaa" lachekesha, na "vazi la kivita lenye mashine" ni maelezo, si istilahi. Neno lipo. Deraya, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ilikuwa vazi la chuma la shujaa wa farasi. Baadaye tuliivua mwilini mwa mtu tukaivisha gari, na magari ya deraya sasa ni maneno ya kila siku katika taarifa za habari. Yokoyama amechukua bamba za gari la deraya akamvisha mtu. Mfasiri na aandike "deraya" pekee, bila gari na bila vazi.